Alama Nyekundu ya Yunusi

Nikolao Mchopa alikuwa amekaa mahabusu saa arobaini na nne na hakuna mtu aliyekuwa ameandika maelezo yake. Inspekta Veridiana Chilumba aligundua hilo Ijumaa saa mbili asubuhi, katika kituo cha Masasi, alipofungua jalada aliloachiwa mezani na kukuta karatasi tatu tu: hati ya kukamatwa, ripoti ya daktari, na picha iliyochapishwa kutoka kwenye simu ya mtu.

Akamwita Sajenti Ashiru.

“Huyu dereva mmemkamata kwa kosa gani?”

“Kusababisha kifo, afande. Yule muuza maji wa Kitangari, Yunusi Ashraf. Jumanne alidandia lori lake kwenye mlima wa Namdimba, akaanguka. Wanawake wa visimani walimkuta Jumatano alfajiri, kwenye korongo.”

“Nani alimwona akidandia?”

“Kuna mtu aliliona lori likipanda.”

“Sikuuliza lori. Nani alimwona Yunusi akidandia?”

Ashiru akaigusa ile picha kwa kidole. “Hakuna haja ya shahidi, afande. Apu yenyewe imesema.”

Veridiana aliijua apu hiyo, kama alivyoijua kila mtu kati ya Masasi na Newala. Wauza maji wa Kitangari walikuwa wakishindana kupandisha mlima wa Namdimba kwa baiskeli zao zilezile za kazi, zisizo na gia, kila moja imefungwa madumu manne yaliyojaa. Ulianza kama ubishi wa visimani, ukawa mchezo, mchezo ukapata chama, na mwaka uliopita chama kikatengenezewa apu ya simu iliyoitwa Pandisha. Mwendeshaji anabonyeza Anza kule bondeni, anaitia simu mfukoni, na simu inahesabu mwendo wake hadi juu na kupanga majina, wa kwanza hadi wa mwisho. Yunusi alikuwa bingwa wa misimu miwili. Kwenye picha ile jina lake lilikuwa chini kabisa, pembeni yake duara jekundu na neno moja: AMEDANGANYA.

“Kilomita hamsini na mbili kwa saa,” alisema Ashiru. “Kupanda mlima, na madumu manne. Baiskeli gani hiyo? Alishika mkia wa lori. Chama chenyewe kimemkana. Hata maziko hawakwenda.”

“Hawakwenda?”

“Hata mmoja, afande. Nasikia jeneza lilibebwa na majirani wanne na mjomba wake mzee.”

Veridiana alifunga jalada. Akatoka hadi uani, mahali vinapowekwa vielelezo. Baiskeli ya Yunusi ilikuwa imeegemezwa ukutani, madumu mawili bado yamefungwa kwenye keria. Akachuchumaa mbele yake. Gurudumu la nyuma lilikuwa zima, linazunguka. La mbele lilikuwa limekunjika mfano wa ganda la muhogo, na uma wake ulikuwa umerudishwa nyuma hadi ukagusa pedeli. Kwenye mpini wa kushoto palikuwa na rangi nyeupe iliyokwanguka, upana wa kidole gumba.

“Sajenti, mtu akishika mkia wa lori akaanguka, anaanguka nyuma ya lori. Kitu gani kimempiga kwa mbele?”

Ashiru aliitazama baiskeli kana kwamba imeletwa uani dakika hiyo.

“Lori la Nikolao lina rangi gani?”

“Bluu, afande.”

“Na simu ya marehemu?”

“Iko kabatini, kwenye bahasha. Ilikutwa mfukoni mwa shati lake. Kioo kimevunjika.”

“Mmeichaji?”

Ashiru akageuka kuutazama mlango wa ofisi.

“Siku tatu, Ashiru! Simu ya maiti iko kabatini kwenu, na mnasoma habari zake kwenye simu ya mtu mwingine. Picha hii mlipewa na nani?”

“Mwenyekiti wa chama. Mzee Halfani. Mtu wa heshima, afande, alikuja mwenyewe.”

Veridiana aliingia mahabusu. Nikolao alikuwa kijana wa Mnyambe, mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alisimama alipomwona.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Jumanne ulibeba nini?”

“Salfa, dawa ya mikorosho. Mifuko mia mbili, nilikuwa naipeleka ghalani kwetu Mnyambe.”

“Mlima wa Namdimba unaupanda kwa mwendo gani ukiwa na mzigo huo?”

Nikolao akacheka kwa uchungu. “Mwendo? Mama, pale nikiwa na mzigo naweka gia ya pili na kumwomba Mungu. Mtu anayekimbia kwa miguu ananisalimia, anapita.”

“Ulimwona Yunusi?”

“Nilimpita karibu na kona ya kwanza. Nikampigia honi, akaniinulia mkono. Hakudandia. Yunusi adandie? Yule alikuwa anagombana na wenzake wanaodandia! Mbele kidogo nikapishana na pikapu nyeupe inashuka kwa kasi mpaka nikatoa tairi nje ya barabara. Nilitaka kuwaambia hawa tangu juzi. Hakuna aliyeniuliza.”

“Ulifika ghalani saa ngapi?”

“Saa kumi na moja kasoro dakika tano. Wakulima walikuwa wananingoja, karani akasaini karatasi ya kupokea. Nimeshusha mifuko hadi saa moja.”

Veridiana akageuka kwa Ashiru. “Mpe chai. Mpe simu aongee na kwao. Andika maelezo yake sasa hivi, kisha mwachie kwa dhamana yake mwenyewe. Halafu lete gari, tunakwenda Newala.”

*

Faudhia Muharami alikuwa na miaka ishirini na sita, na apu ya Pandisha aliitengenezea kwenye chumba cha nyuma cha duka la stesheneri la dada yake, Newala mjini. Ukutani alikuwa amebandika michoro yake ya penseli: kurasa za simu, vitufe, mishale. Alikuwa na macho ya mtu aliyelia akamaliza, sasa amebaki na hasira.

“Shikamoo, afande. Kama umekuja kuniuliza kama apu yangu inasema uongo, haisemi. Lakini neno lile si langu.”

“Marahaba. Neno lipi?”

“Amedanganya.” Alivuta mchoro mmoja ukutani akaulaza mezani. “Tazama nilichochora mimi. Rekodi ikizidi kilomita ishirini na tano kwa saa kwenye kupanda, inatolewa kwenye orodha na kuandikwa ‘Inahakikiwa’, kwa rangi ya kijivu. Maana zipo sababu nyingi. Simu inaweza kukosea. Mtu anaweza kuugua akapakiwa kwenye bodaboda, akasahau kubonyeza Maliza. Mwenyekiti akakataa. Akasema watu wetu hawaelewi kijivu, weka nyekundu, andika amedanganya, wataogopa. Nikabishana naye wiki nzima. Mwisho nikaweka. Nimeweka mimi kwa mikono yangu, na mtu kazikwa bila wenzake kwa sababu ya neno lile.”

“Rekodi ikishatiwa alama, nani anaweza kuona alikopita?”

“Hakuna. Ramani ya rekodi zenye alama nimeificha. Walikuwa wakizitumia kutukanana kwenye kundi la chama.”

“Imefichwa au imefutwa?”

Faudhia akamtazama. “Imefichwa. Kwenye seva ipo yote. Simu inaandika mahali ilipo kila baada ya sekunde tano. Pasipo na mtandao inatunza, ukipatikana inatuma.”

“Umeifungua ya Yunusi?”

“Hapana.” Sauti ilishuka. “Niliona alama, nikaamini alama. Mimi niliyeitengeneza.”

“Ifungue.”

Kompyuta ilichukua muda kuvuta ramani, kisha mstari wa buluu ukajichora kutoka visimani bondeni, ukipanda. Veridiana alivuta kiti. Ashiru akabaki amesimama nyuma yao, daftari mkononi.

“Soma kwa sauti,” alisema Veridiana. “Sajenti aandike.”

“Saa kumi na dakika mbili, Anza. Mwendo kilomita tano kwa saa, nne na nusu, tano. Ni mwendo wake wa kawaida na madumu. Saa kumi na dakika thelathini na moja, kona ya pili. Sifuri.” Faudhia akasogeza mshale. “Sifuri. Sifuri. Dakika nne hakuna mwendo.”

“Endelea.”

“Saa kumi na thelathini na tano, anaondoka. Thelathini. Arobaini na moja. Hamsini na mbili. Hapa ndipo alama nyekundu ilipotoka. Anapanda. Saa kumi na thelathini na nane yuko njia panda ya Kitangari. Amesimama.”

Veridiana alisogeza uso karibu na kioo. Njia panda ile aliijua. Kulia kuna kituo cha afya, mwendo wa dakika tatu kwa gari.

“Amesimama muda gani?”

“Dakika saba.”

“Halafu anakwenda kulia.”

Faudhia akatikisa kichwa. Mstari wa buluu ulikuwa umegeuka. Ulirudi juu ya njia yake ileile, ukashuka mlima, ukafika kona ya pili, ukaiacha barabara, ukasogea hatua arobaini hivi kwenye korongo. Pale ukabaki nukta.

“Mungu wangu,” alisema Ashiru.

“Andika,” alisema Veridiana. “Saa ngapi?”

“Saa kumi na dakika arobaini na tisa.” Faudhia alikuwa ameshika mdomo. “Afande, wamemchukua. Wamempeleka mpaka njia panda. Wamemrudisha.”

Veridiana alitoa ripoti ya daktari kwenye jalada akaisoma upya, mstari kwa mstari. Nyonga imevunjika, damu imevujia ndani. Kifo kilitokea kati ya saa kumi na mbili jioni na saa mbili usiku. Majeraha ya aina hiyo, aliandika daktari, huweza kutibika mgonjwa akifikishwa mapema. Sentensi ile ilikuwa humo jaladani tangu Jumatano. Akampa Ashiru aisome mwenyewe.

“Rekodi inaishia hapo?”

“Hapana. Kuna mambo mengine yameandikwa.” Faudhia akateremsha orodha. “Kuna kitu tunakiita Msaada. Nilikitengeneza kwa ajili ya wanaoanguka peke yao mlimani. Mikono yao inakuwa na maji, na simu zao nyingi zina vioo vilivyopasuka, kwa hiyo nilifanya mtu asihitaji kugusa kioo. Anabonyeza kitufe cha sauti, kile cha ubavuni, mara tatu. Simu inatuma jina lake na mahali alipo.”

“Kimebonyezwa?”

“Saa kumi na moja na dakika sita. Saa kumi na moja na kumi na tisa. Saa kumi na moja na hamsini na mbili.”

Nje dukani mtu alikuwa akiuliza bei ya madaftari.

“Ujumbe ulikwenda kwa nani?” aliuliza Veridiana.

“Kwa mtu mmoja. Mimi nilitaka uende kwa watu watano. Mwenyekiti akasema utaleta fujo, uje kwake peke yake, maana yeye ndiye mwenye gari la huduma.”

“Ulifika?”

“Ulifika. Na apu inaandika saa ambayo mpokeaji ameufungua.” Alisoma polepole, kama anayesoma jina la mtu wake kwenye tangazo la msiba. “Wa kwanza umefunguliwa saa kumi na moja na dakika saba. Wa pili, saa kumi na moja na ishirini. Wa tatu, saa kumi na mbili na kumi.”

“Gari la Mzee Halfani ni la aina gani?”

“Pikapu. Nyeupe.”

Veridiana akasimama. “Chapisha yote, kila mstari. Weka sahihi na tarehe kila ukurasa. Utaandika maelezo ya jinsi seva inavyotunza kumbukumbu, kwa maneno ambayo hakimu ataelewa. Na usiguse kitu kingine humo ndani, hata lile neno.”

“Nataka kulifuta sasa hivi.”

“Najua. Ukiligusa leo, wakili wake atasema umeligusa na jingine. Vumilia.”

*

Duka la vifaa vya ujenzi la Halfani Sultani lilikuwa barabarani kabisa, Kitangari. Saa tisa alasiri palikuwa na waendeshaji kama ishirini mbele yake, wamekuja kuandikishwa kwa mbio za Jumapili. Juu ya mlango palining’inia kitambaa cha kuwakaribisha wageni. Kando ya duka ilisimama pikapu nyeupe, ubavuni imeandikwa kwa rangi ya kijani: HUDUMA YA WAENDESHAJI. Bampa yake ya mbele iling’aa kuliko gari zima.

Ashiru akaenda kusimama karibu na pikapu. Veridiana akaingia dukani.

“Shikamoo, Mzee Halfani.”

“Marahaba, afande. Karibu sana. Pole na kazi.” Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, kofia safi, sauti ya upole. “Mmemaliza na yule dereva?”

“Tunamalizia. Nilitaka unisaidie mambo madogo, uyaweke sawa. Jumanne alasiri ulikuwa wapi?”

“Masasi. Nilifuata mabati. Nimerudi magharibi.”

“Na pikapu?”

“Nilikuwa nayo mwenyewe. Gari lile simpi mtu funguo. Ni la chama, ni amana.”

“Vizuri. Hii huduma ya waendeshaji inakuwaje? Mtu akiumia mlimani?”

Halfani alinyoosha mgongo. Waendeshaji wawili watatu walikuwa wamesogea mlangoni kusikiliza, na alionekana kufurahi kusikilizwa. “Simu yangu inalia. Inanionyesha jina na mahali. Naacha kila kitu, nakwenda. Hata niwe nakula.”

“Mara ya mwisho kuitwa ilikuwa lini?”

“Mwezi wa tano. Kijana mmoja aliteguka mguu. Nilimfikisha kituo cha afya kwa robo saa.”

“Tangu hapo hujaitwa?”

“Hapana.”

“Una uhakika?”

“Afande, ningeitwa ningekwenda.”

Veridiana akafungua bahasha, akaweka karatasi ya Faudhia juu ya kaunta, akaigeuza imwelekee Halfani.

“Soma hapo nilipopiga mstari. Soma kwa sauti, hawa wenzako wasikie.”

Halfani alitazama karatasi. Akaisukuma pembeni kwa kidole.

“Basi nasoma mimi. Jumanne, saa kumi na moja na dakika sita. Yunusi Ashraf anaomba msaada, kona ya pili, Namdimba. Umefungua saa kumi na moja na dakika saba. Dakika moja! Saa kumi na moja na kumi na tisa, Yunusi Ashraf anaomba msaada. Umefungua saa kumi na moja na ishirini. Saa kumi na moja na hamsini na mbili—”

“Yunusi alikuwa mdanganyifu,” alisema Halfani ghafla. “Apu imesema. Kila mtu kaona.”

“Apu imesema alikuwa ndani ya gari. Nawe unajua ni gari gani.” Veridiana akaweka karatasi ya pili, yenye ramani. “Simu ilikuwa mfukoni mwake muda wote, na ilikuwa inaandika. Ulikuwa unashuka, ukamgonga uso kwa uso. Ukampakia. Ukafika hapa njia panda. Dakika saba ulikuwa unafanya nini?”

Mlangoni hapakuwa na nafasi tena. Waendeshaji walikuwa wamejaa, waliokuwa nyuma wakisimama kwa ncha za vidole.

“Nilidhani amekufa,” alisema Halfani.

“Kwa nini hukumpeleka kwa daktari akuambie amekufa?”

“Alikuwa kimya. Hapumui. Nikafikiri... Jumapili wageni wanakuja kutazama mbio. Mchezo ndio kwanza unakua. Ikijulikana gari la chama limemgonga bingwa wa chama, basi tena. Nilifikiria mchezo, afande. Nilifikiria hawa.” Alinyoosha mkono kuelekea mlangoni.

“Usitutaje!” mtu alipiga kelele kutoka nyuma.

“Ulidhani amekufa,” alisema Veridiana. “Haya. Saa kumi na moja na dakika saba ulidhani nini? Maiti haibonyezi kitufe, Halfani.” Shikamoo aliyompa mlangoni ilikuwa ya mwisho. “Alikuita mara tatu kwa muda wa dakika arobaini na sita, na ulikuwa umbali wa dakika nne. Ukasoma, ukaitia simu mfukoni. Kesho yake ukapiga picha alama nyekundu ukawaletea polisi, kijana wa watu akalala sakafuni siku mbili kwa ajili yako. Na hawa ukawaambia wasimzike mwenzao.”

Halfani alikaa juu ya mfuko wa saruji. Hakuna aliyemsaidia.

Kutoka nje Ashiru aliita. Alikuwa ameteremsha mlango wa nyuma wa pikapu kwa kitambaa, bila kuugusa kwa mkono. Sakafu ilikuwa imeoshwa ikatakata, lakini kwenye bawaba ya kushoto, mahali ambapo maji hayafiki, palikuwa na kitu cheusi kilichokauka, na ndani yake uzi wa shati.

“Usikwangue,” alisema Veridiana. “Funga gari, weka lakiri. Litavutwa hadi Masasi, wataalamu watachukua wenyewe. Simu ya mtuhumiwa iende kwenye bahasha yake, izimwe mbele ya mashahidi wawili.”

Alimsomea Halfani haki zake pale pale kaunta, neno kwa neno, bila kuruka. Walipomtoa, waendeshaji waliwapisha njia. Hakuna aliyemtukana. Mmoja alivua fulana ya chama akaitupa juu ya boneti ya pikapu, kisha wa pili.

*

Nyumba ya Yunusi ilikuwa upande wa pili wa Kitangari, ya matofali ya kuchoma, vibanda viwili vya kuku ubavuni. Mkewe, Sophia, alikuwa eda, kwa hiyo Veridiana aliingia peke yake. Akavua viatu, akaketi naye mkekani. Mtoto wao Mujibu, wa miaka minne, alikuwa amelala na kichwa juu ya paja la mama.

“Pole, Mama Mujibu.”

“Nimeshapoa.”

Veridiana alimweleza kila kitu kwa mpangilio, kuanzia visimani, bila kupunguza. Sophia alisikiliza akimpepea mtoto kwa ncha ya kanga. Alipofika kwenye dakika saba za njia panda, mkono ule ukasimama.

“Kwa hiyo alikuwa hai.”

“Alikuwa hai.”

“Hadi saa ngapi?”

“Mara ya mwisho aliyobonyeza ni saa kumi na mbili kasoro dakika nane. Baada ya hapo sijui, wala sitakudanganya.”

Sophia alihesabu kitu kimoyomoyo.

“Saa kumi na mbili na nusu mimi nilikuwa dukani kwa Halfani.”

“Ulikwenda kwake?”

“Yunusi alikuwa amechelewa. Nikamwendea mwenyekiti, maana yeye ndiye mwenye gari. Nikamwambia, mzee, niangalizie mlimani. Alikuwa anafunga duka. Akaniambia, ‘Mwanangu, wanaume wana mambo yao, rudi nyumbani umsubiri.’ Akanipa na mkate nimpelekee mtoto.” Alimtazama Veridiana usoni. “Simu ilikuwa mfukoni mwake?”

“Ndiyo.”

“Mkate ule mwanangu aliula.”

Veridiana alitoa daftari, akaandika saa kumi na mbili na nusu na maneno yale jinsi yalivyosemwa, akamsomea. Sophia akatia sahihi. Kalamu ilitoboa karatasi mahali pawili.

Uani pakasikika miguu mingi. Mtu akakohoa.

“Hodi wenyewe. Shemeji, sisi ni waendeshaji. Wote tumekuja.” Ilikuwa sauti ya mtu mzima. “Tumekuja kuomba radhi. Tulidanganywa, shemeji.”

Sophia alimhamisha mtoto taratibu akamlaza kwenye mto. Akasogea hadi karibu na mlango, akabaki nyuma ya pazia. Kivuli chake kilionekana kwa nje, wima kabisa.

“Hamkudanganywa,” alisema. “Mmekula naye miaka tisa. Mlikuwa mnamjua. Mliona rangi nyekundu kwenye simu mkaacha kumjua.”

Akalishika pazia kwa mkono mmoja.

“Jumatano mlipita hapa barabarani na baiskeli zenu, jeneza likiwa uani. Nilikuwa dirishani, niliwaona. Wengine mlicheka. Mwanangu aliniuliza, mbona akina baba hawaingii?”

“Shemeji, tusamehe. Tuambie tufanye nini, tutafanya. Jumapili hatukimbii. Tutakwenda kaburini wote, tutasoma—”

“Kaburini msiende kwanza. Yeye hakusikia mlichosema. Waliosikia ni majirani. Mlisema sokoni, mlisema visimani, mlisema msikitini na kanisani. Sasa mimi nipo eda, siwezi kutoka kumtetea mume wangu, na nikitoka nitakuwa nimechelewa siku tatu.” Akavuta pumzi. “Nendeni nyinyi. Kila nyumba mliyolitaja jina lake, mpige hodi, mwingie, mseme alivyokufa na nani alimwacha. Msiseme ‘tumesikia’. Mseme ‘tulikosea’. Mkimaliza nyumba ya mwisho, ndipo mje tena hapa nami nitawafungulia.”

“Ni nyumba nyingi, shemeji.”

“Mlipolichafua hamkuziona nyingi.”

Veridiana, aliyekuwa bado ameketi mkekani na daftari mapajani, alisikia baiskeli zikilazwa chini moja baada ya nyingine, na miguu ikiondoka makundi makundi. Sophia hakutoka nyuma ya pazia. Alisubiri akisikiliza, kichwa kimeinama upande mmoja.

Ukuta wa pili, nyumba ya jirani, mlango ukagongwa.

“Hodi,” sauti ile ya mtu mzima ikasema. “Tumekuja kuhusu Yunusi Ashraf. Tulikosea.”